Boti Inayovuja Oili ya Gia: Tafuta Tundu Kabla ya Kununua Kopo Jingine

Wakazi wa Kinindo, kusini mwa Bujumbura, ni majirani wa Ziwa Tanganyika. Uvuvi unaporuhusiwa, katika usiku usiokuwa na mbalamwezi, boti za ndagala huuacha mwambao wa Bujumbura na taa zake; na katika maji hayo hayo hupita boti za doria na za abiria. Nyingi kati ya hizo husukumwa na injini ya kupachikwa nyuma. Kwa aila iliyotia akiba yake yote katika injini ya namna hiyo, doa la mafuta lenye rangi za upinde wa mvua linaloelea nyuma ya boti ni habari isiyofaa kupuuzwa.

Wengi wakiliona doa hilo hununua kopo la oili, wakaongeza, wakaendelea na safari. Huko ni kujidanganya, kwa sababu mahali inapotokea oili ndipo yanapoingia maji. Gia za injini hizi zimo ndani ya kasha dogo lililozama majini, mbele ya rafadha. Injini ikifanya kazi, oili hupata joto, ikatanuka na kusukumwa nje kupitia tundu lililopo. Injini ikizimwa, kasha hupoa, oili hunywea, na maji ya ziwa huvutwa ndani. Maji hayo hutia kutu beringi na kuzila gia. Mwisho wake boti husimama katikati ya ziwa, pengine katika miezi ya kiangazi ambapo pepo za kusini huvuma kwa nguvu.

Ziwa letu lenyewe lina ushahidi wa kazi ya mafuta. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha meli yao Graf von Götzen wenyewe ili isitekwe, lakini kwanza mafundi waliipaka mitambo yake grisi nzito. Waingereza walipoiibua mwaka 1924, mitambo ilikuwa bado yafaa. Na mwaka 1927 meli hiyo ilirudi kazini kwa jina la Liemba. Grisi iliyokaa mahali pake iliilinda mitambo kwa miaka chini ya maji. Gia zilizopoteza oili yake hazina ulinzi huo hata kwa msimu mmoja.

KWANZA, JE, NI OILI YA GIA?

Si kila doa hutoka katika gia. Injini inayotumia petroli iliyochanganywa na oili hutoa moshi wake majini, mara nyingi kupitia katikati ya rafadha, na masazo meusi ya mchanganyiko huo huweza kudondoka hapo. Mafuta hayo huwa mepesi na hunuka petroli. Oili ya gia ni nzito, huteleza vidoleni, na ina harufu kali kama ya kiberiti.

Ili kuhakikisha, safisha kasha kwa kitambaa mpaka likauke. Isimamishe injini wima juu ya kigingi imara, weka kipande cha katoni safi chini yake, uiache usiku kucha. Asubuhi katoni itakueleza ni upande gani unaodondoka.

Kisha legeza kidogo parafujo ya chini ya kasha. Maji ni mazito kuliko oili, hivyo hutua chini: yakitangulia kutoka maji, jibu umelipata. Weka bakuli, ifungue parafujo hiyo kabisa, halafu ya juu, oili yote imwagike. Oili nzima huwa angavu. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, imechanganyika na maji. Unga laini sana wa chuma kwenye sumaku si ajabu. Lakini vipande vinavyoonekana kwa macho ni dalili kwamba gia zimeanza kuvunjika, na hapo hapana budi kumwita fundi alifungue kasha lote.

WAPI PANAPOVUJA?

Anza na palipo rahisi. Chini ya kila parafujo kuna washa ndogo. Ikibonyea au ikikatika, oili hupita. Washa hizo ni vitu vya bei ndogo kabisa, nazo yafaa zibadilishwe kila oili inapobadilishwa.

Penye hatari zaidi kwa mvuvi ni kwenye shafti ya rafadha. Hapo pana sili, yaani pete za mpira zinazozuia oili isitoke na maji yasiingie. Mshipi au uzi wa nyavu ukijizungusha nyuma ya rafadha, huingia taratibu na kuzikata pete hizo. Kwa hiyo chomoa kwanza nyaya za plagi ili injini isiwake kwa bahati mbaya, toa pini na nati, vua rafadha, ukate kila uzi utakaouona. Jambo hili lifanyike mara kwa mara, hata kama hakuna kinachovuja.

Sehemu nyingine ni sili ya shafti iendayo juu, iliyo chini ya pampu ya maji. Sili ya fimbo ya kubadilishia gia. Na ufa katika kasha lililogonga mwamba.

Tundu likikataa kuonekana, mwombe fundi ajaze hewa katika kasha lililokwisha kumwagwa oili, kwa pampu ya mkono yenye kipimo, kisha alitumbukize katika pipa la maji. Mapovu yatapaonyesha mahali penyewe. Hewa iwe kidogo, isizidi kilo moja kwa sentimita ya mraba, maana ikizidi huzing'oa hata sili zilizo nzima.

KUTENGENEZA BILA KUFILISIKA

Sili kuukuu isitupwe kabla ya kununua mpya. Mara nyingi ina namba usoni. Nayo ikiwa imefutika, pima upana wa tundu la ndani, upana wa nje na unene. Kwa vipimo hivyo unaweza kutafuta sili inayolingana katika maduka ya beringi na vipuri, au kwa mafundi wa Buyenzi, bila kulazimika kununua kasha zima. Kabla ya kuipachika, pitisha ukucha juu ya shafti: ukinasa katika mfereji uliochimbwa na sili ya zamani, sili mpya haitazuia kitu mahali pale pale. Fundi stadi huweza kuisogeza kidogo ikae penye chuma laini. Mdomo wa sili upakwe grisi, na uelekee kama ulivyoelekea wa kwanza.

Jiepushe na njia za mkato. Sabuni, kipande cha mpira wa tairi au gundi iliyopakwa nje havidumu. Wala usijaze grisi badala ya oili: gia zikizunguka huitupa pembeni, nayo hairudi, zikabaki zikisagana kavu.

Oili mpya ijazwe kutokea tundu la chini mpaka itokeze juu bila mapovu. Funga parafujo ya juu kwanza, kisha ya chini upesi. Kiasi si kikubwa: injini ya nguvu za farasi 15 huchukua kama robo lita, na ya 40 huwa chini ya nusu lita. Aina ya oili ifuate mwongozo wa mtengenezaji. Baada ya safari fupi ya majaribio itazame tena, na tena baada ya saa 10 za kazi. Ikibaki angavu, kazi imefaulu. Baada ya hapo ibadilishwe kila saa 100 au kila miezi sita.

Ni vema tarehe, saa za kazi na vipuri vilivyonunuliwa viandikwe katika daftari la nyumbani. Mama anayetunza fedha za boti atajua mapema ni mwezi gani wa kuweka akiba, na fundi mpya hatatoza kazi iliyokwisha fanywa.

Oili chakavu itiwe katika dumu na kupelekwa gereji, isimwagwe ufukweni. Maji ya ziwa hili ndiyo yanayosafishwa na REGIDESO na kufika katika mabomba ya Bujumbura, nayo ndiyo tunayowapa watoto wetu wanywe.