Rosa wa Ukerewe Anatuhusu Habaswein

Mwalimu wa fasihi aliyeko Habaswein, kusini mwa Wajir, akiishika riwaya ya Rosa Mistika, yamkini atajiuliza: haya yatuhusu nini? Rosa ni binti wa kijiji cha Ukerewe, kisiwa kilicho katika Ziwa Viktoria. Hapa ni nchi kavu ya wafugaji wa ngamia. Babake Rosa, Zakaria, ni mlevi. Kwa Waislamu pombe ni haramu.

Swali hilo ni la haki. Hata hivyo, si pombe pekee iliyomwangamiza Rosa. Katika riwaya hii ya mwaka wa 1971, Euphrase Kezilahabi anatuchorea baba anayemlinda bintiye kwa kipigo. Barua moja tu ya mvulana yatosha kumponza. Nyumbani Rosa hakufunzwa kukubali wala kukataa, alifunzwa kuogopa. Alipokwenda shule ya bweni, mbali na fimbo ya babake, hakuwa na ngao nyingine. Hatimaye alijiua.

Sasa tumtazame Ebla, msichana wa Kisomali katika From a Crooked Rib, riwaya ya Nuruddin Farah iliyotoka mwaka wa 1970. Ebla ni yatima. Babu yake anamwahidi mzee mmoja kwa mahari ya ngamia, pasi na kumuuliza. Anatorokea mjini, na huko binamu yake naye anataka kumwoza. Hapa hapana mlevi, ila ukimya ni ule ule.

Rosa Mistika ilipigwa marufuku kwa muda katika shule za Tanzania. Waliofanya hivyo walirudia kosa la Zakaria: kumlinda msichana kwa kumficha yale ambayo hana budi kuyajua.

Nchini Kenya, Sheria ya Ndoa ya mwaka wa 2014 imeweka umri wa kuoa na kuolewa kuwa miaka 18. Ni ngao njema, lakini sheria haimfunzi msichana kusema. Kazi hiyo ni ya mzazi na mwalimu.

Na hapa Kiswahili kina faida ambayo aghalabu tunaisahau. Kwa mwanafunzi wa Habaswein, si lugha ya mamaye. Neno analoona haya kulitamka kwa Kisomali mbele ya wakubwa, aweza kulitamka kwa Kiswahili darasani, akizungumzia masaibu ya Rosa. Basi mwalimu na aulize: ni nani angaliweza kumwokoa Rosa, na lini? Kisha anyamaze, asikilize.