Anayeunda tarakilishi aanze kwa kupima kasha

KWA mkazi wa Soweto West, mojawapo ya vijiji vya mtaa wa Kibera jijini Nairobi, tarakilishi ya kwanza ya kujiundia hukusanywa vipande vipande: mwezi huu kichakataji, mwezi ujao kumbukumbu, baadaye diski. Kasha huonekana kama sanduku tu, na wengi hulinunua bila kufikiri. Hapo ndipo pesa hupotea.

Kinachotawala ukubwa wa kasha ni ubao mkuu, ule ambao mafundi huuita mazabodi. Ubao wa kipimo cha ATX, kilichobuniwa na kampuni ya Intel mnamo 1995, una milimita 305 kwa 244. Ule wa Micro-ATX una milimita 244 kila upande, ilhali Mini-ITX, iliyoletwa na kampuni ya VIA mnamo 2001, una 170 tu. Kasha kubwa kwa kawaida hupokea ubao mdogo. Kasha dogo halipokei ubao mkubwa.

Katika chumba cha futi 10 kwa 10, ambamo watu hupika, hulala na kusoma, kishawishi cha kuchagua kasha dogo kabisa kinaeleweka. Hata hivyo, chini ya paa la mabati joto la mchana huwa kali kabla hata ya mtambo kuwashwa, na feni haiwezi kuvipoza vipuri kupita hewa inayoivuta. Kasha finyu huzidisha tatizo hilo. Isitoshe, ubao wa Mini-ITX una nafasi moja tu ya kadi ya ziada, na kasha lake mara nyingi hudai pawa saplai ndogo ambayo si rahisi kuipata miongoni mwa vipuri vya mitumba.

Kwa sababu hiyo, kasha la Micro-ATX ndilo linalomfaa zaidi mwenye chumba kidogo na mfuko mwepesi. Mengi hutumia pawa saplai ya kawaida, na ubao wake waweza kuwa na nafasi nne za kadi. Heri liwe na chujio la vumbi linalotoka na kuoshwa, maana vumbi la vichochoroni halibishi hodi.

Tahadhari kuu ni makasha ya tarakilishi kuukuu za ofisini. Bei yake huvutia, lakini miundo mingi ya Dell na HP ina ubao na viunganishi vya umeme vya kipekee, hivyo ubao mwingine huenda usikubali kufungwa humo. Mnunuzi aende dukani na ubao wake, aulinganishe na matundu ya skrubu, kisha apime urefu wa kadi ya michoro na kimo cha kipozaji kabla ya kulipa.