Chonge Zisizoingia Kitabuni

Mtoto wa miezi sita anaharisha, homa haishuki, vidole havitoki mdomoni. Bibi anampapasa ufizi wa chini na kugusa kauvimbe pale ambapo chonge zitaota. Kauvimbe hako ni ka kawaida, ni jino linalojiandaa ndani ya ufizi. Lakini katika sehemu nyingi za Tanzania huitwa “meno ya plastiki” au “ya nailoni”, na ng'ambo ya Mto Kagera, upande wa Uganda magharibi, ebiino. Anayeaminika kuyatibu huyachokoa kwa kisu au spoki ya baiskeli. Damu, usaha, pepopunda, hata kifo vinaweza kufuata, huku kuhara kwenyewe kukiwa hakujatibiwa.

Sasa tuseme mtoto huyo amepona, anaishi wilaya ya Karagwe au Kyerwa, mkoani Kagera. Takwimu za taifa zitamwona wapi?

Kitabu kipo. Tangu miaka ya 1990 vituo vyetu vya tiba vinaandika kwa MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya. Mgonjwa wa meno anaandikwa kwenye rejesta: umri, jinsia, tatizo, alichofanyiwa. Mwisho wa mwezi mistari inajumlishwa, jumla inakwenda wilayani, na tangu 2013 inaingizwa katika mfumo wa kompyuta wa DHIS2 ulioenea nchi nzima. (Anayelinganisha miaka akumbuke kwamba Kyerwa ilimegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Takwimu za Karagwe zikionekana kushuka ghafla baada ya hapo, si lazima meno yawe yamepona.)

Rejesta hiyo inahesabu waliofika. Zahanati nyingi za vijijini hazina kiti cha meno, kwa hiyo mzazi anasubiri mpaka mtoto akeshe akilia, ndipo atafute nauli ya kwenda hospitali. Huko jino linang'olewa, na kitabuni linaingia kama jino lililong'olewa. Wenye meno yaliyotoboka lakini hayajauma wako shambani au darasani, hawamo. Wa Murongo, mpakani Kyerwa, waliovuka daraja wakatibiwa Kikagati ng'ambo ya pili wamo katika hesabu za Uganda. Ndiyo maana ukiona wilaya moja ina meno mabovu mengi kuliko jirani yake, uliza kwanza ni ipi kati yao yenye tabibu wa meno. Akienda likizo, ugonjwa “unapungua”.

Denmark mara nyingi hutajwa kama mfano wa rejesta ya meno ya watoto, na watu hudhani siri yake ni kompyuta. Sivyo. Sheria ya huko iliyoanza kutumika 1972 ilizibebesha halmashauri jukumu la kuwahudumia watoto bure, na matokeo ya uchunguzi yakapelekwa kwenye rejesta kuu. Kila mtoto alikuwa anaitwa, mwenye maumivu na asiye nayo. Rejesta ilikuja nyuma ya huduma, ikanukuu kilichokuwa kinafanyika tayari.

Kipimo chao kikuu ni kile kinachotumika duniani, kilichoasisiwa Marekani mwaka 1938: jumla ya meno yaliyooza, yaliyotoka kwa sababu ya kuoza, na yaliyozibwa. Hapo ndipo chonge zetu zinapopotea. Mpimaji akiliandika pengo la chonge iliyochokolewa kama jino lililooza na kutoka, amezidisha ugonjwa ambao haukuwapo. Mwenzake akifuata kanuni na kuliacha, ukatili ule haumo popote. Wapimaji wote wawili ni waaminifu, na wote wawili wametupotosha. Kinachotakiwa ni safu yake yenyewe.

Safu hiyo ingekaa vizuri zaidi kliniki ya watoto kuliko chumba cha meno. Chanjo ya surua na rubella hutolewa miezi 9 na tena miezi 18, na akina mama wengi huja. Katika miezi 9 nesi anaweza kuona kovu kwenye ufizi. Katika miezi 18 chonge za utoto ndiyo kwanza zinaota, kwa hiyo pengo peke yake si ushahidi, maana jino la huyu huwahi na la yule huchelewa. Ila naona hatari moja: nesi akianza kumkaripia mama, chanjo inayofuata mama haji. Jicho liangalie, kalamu iandike, mdomo uulize tu kuhusu kuhara.

Kituo cha pili ni darasa la kwanza. Gego la kwanza la ukubwani huota kwenye miaka sita, nyuma ya meno ya utoto, bila jino lolote kung'oka kulipisha. Wazazi wengi hudhani nalo ni la utoto, wakaliacha lioze. Kuliziba hakuhitaji umeme: njia ya kukwangua kwa vifaa vya mkono na kujaza saruji ya meno ilianzia hapa hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980. Kuhesabu watoto shuleni bila kubeba vifaa hivyo ningekuita usumbufu.

Na kwenye miaka 12, umri ambao nchi nyingi hutumia kulinganishia, chonge za ukubwani za chini zimeshaota. Spoki ikifika chini sana huharibu na mbegu ya jino la pili. Mpimaji akikuta hapo chonge iliyopinda au yenye dosari ambayo wenzake hawana, huenda anatazama jeraha la miaka kumi na moja na nusu iliyopita.