Kesha la mtihani na kesha la Siku ya Mwisho

MSIMU wa mitihani unapobisha hodi katika vyuo vikuu, taa za mabweni hazizimwi. Mwanafunzi aliyetega vipindi tangu muhula uanze hujaribu kumeza masomo ya miezi mitatu kwa usiku mmoja, kikombe cha kahawa kikiwa kando yake. Hatua chache kutoka hapo, wenzake wamo katika kesha la maombi. Wote wanakesha, na mara nyingi hofu inayowanyima usingizi ni ile ile: kukutwa na siku hiyo wakiwa hawajajiandaa.

Si ajabu basi kwamba wahubiri hupenda kuifananisha Siku ya Hukumu na ukumbi wa mtihani. Hata hivyo, mfano huo una ufa. Mtihani una ratiba iliyobandikwa ubaoni, ilhali Mathayo 24:36 yasema siku ya Bwana haijulikani hata na malaika. Waliojaribu kuipangia tarehe wameumbuka. Wafuasi wa William Miller nchini Marekani waliingoja Oktoba 22, 1844, wakaishia kulia. Harold Camping naye alitangaza Mei 21, 2011, nayo ikapita kama siku nyingine yoyote.

Hapa kwetu mambo yalikuwa machungu zaidi. Mnamo 2023, zaidi ya miili 400 ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi. Inadaiwa kwamba waumini walishawishiwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu, na kwamba walikuwa wamefunzwa kuwa elimu ya shule ni ya shetani.

Mtume Paulo alikumbana na fundisho la aina hiyo kule Thesalonike. Wapo walioambiwa kuwa siku imekwisha kufika, na wapo walioacha kazi. Katika waraka wake wa pili aliwaagiza wafanye kazi kwa utulivu na kula chakula chao wenyewe. Kazi ya mwanafunzi ni kusoma.

Jambo ambalo wengi hulipita ni hili: katika mfano wa wanawali kumi, Mathayo 25, wote walisinzia wakalala, wenye busara pamoja na wapumbavu. Kilichowatenganisha ni mafuta yaliyotayarishwa mapema. Sayansi nayo haipingani na hilo. Mtu anapolala, ubongo hupanga na kuhifadhi aliyojifunza mchana. Hofu inapozidi, mwili hutoa homoni ya kotisoli kwa wingi, nayo huweza kuzuia kumbukumbu. Ndiyo maana aliyekesha hulikodolea macho swali alilolijua jana.

Sisemi maombi hayafai. Yamewatuliza wengi kabla ya karatasi kugawanywa. Lakini mwanafunzi anayekataa chakula, au anayeacha kujisajili kwa mtihani kwa kuwa dunia inakwisha, asichukuliwe na wenzake kuwa mcha Mungu tu. Apelekwe kwa mshauri nasaha wa chuo, au kwa kasisi anayeaminika, siku hiyo hiyo.