Je, Wajua Kazi ya Nta Ndani ya Injini ya Gari Lako?

Gari linalotoka Same mjini alfajiri kupanda Mbaga hukutana na hali mbili za hewa ndani ya safari moja. Mji wa Same uko kama mita 860 juu ya usawa wa bahari, na mchana wa Februari lami yake huwaka. Juu kabisa Upareni, kilele cha Shengena kinakaribia mita 2,460, na asubuhi za Julai vijiji vya milimani hukaa ndani ya ukungu. Injini haitaki kujua iko wapi. Inataka joto lake lile lile, nyuzi 85 hadi 95 hivi. Kinachoitunzia joto hilo ni themostati, kidude kinachoenea kiganjani.

Ndani yake mna kikopo kidogo cha shaba kilichojaa nta. Injini ikiwa baridi, nta ni ngumu, springi imebana mlango, na maji yanazunguka ndani ya injini tu. Joto likifika kiwango kilichogongwa kwenye bati lake, mara nyingi 82 au 88, nta huyeyuka, hutanuka na kusukuma kijiti; mlango unafunguka, maji yanakwenda kupoa kwenye rejeta. Hakihitaji waya wala umeme. Themostati ya aina hii, ya nta, ilibuniwa na Sergius Vernet huko Marekani miaka ya 1930.

Sasa kuna jambo linaloniuma. Gari likichemsha, mafundi wengi huing'oa themostati na kuitupa: nchi yetu ya joto, wanasema, hii ni ya Ulaya. Si kweli. Katika injini nyingi za Toyota, themostati ikifunguka huziba pia njia ya mkato inayorudisha maji ndani bila kupitia rejeta. Ukiitoa, njia hiyo inabaki wazi, sehemu ya maji ya moto inarudi ilikotoka, na gari lililopakia tangawizi ya Mamba Miamba linaweza kuchemsha mlimani kwa sababu ya tiba yenyewe. Kwenye mteremko mrefu wa kurudi, injini inapoa kupita kiasi, inakula mafuta zaidi, na vyuma vinasagika mapema.

Kuipima hakuhitaji mashine. Washa gari asubuhi likiwa baridi, kisha gusa mpira wa juu wa rejeta, mkono ukiwa mbali na feni. Kwa dakika kadhaa mpira ubaki baridi, halafu upate moto ghafla. Ukianza kupata uvuguvugu tangu mwanzo, themostati imeganda wazi. Mshale wa joto kwenye dashibodi ukipanda kuelekea H huku rejeta ni baridi, huenda imeganda ikiwa imefungwa. Zima haraka kabla gasketi ya silinda hedi haijaungua. Wota pampu mbovu nayo hutoa dalili hiyo, kwa hiyo itoe themostati uihakikishe: itumbukize kwa uzi kwenye sufuria ya maji, isiguse kitako, chemsha. Ikikataa kufunguka, imekufa.

Kuibadilisha ni kazi ya saa moja kwa magari mengi. Subiri injini ipoe kabisa, punguza maji, fungua bolti za kifuniko chake, safisha uso wa chuma, weka gasketi mpya. Springi itazame ndani ya injini, na katundu kadogo ka kutolea hewa kakae juu. Jaza kulanti, washa, minyaminya mipira hewa itoke.

Na kifuniko cha rejeta kisilegee. Same maji ya wazi huchemka karibu nyuzi 97, na kila unapopanda mita 300 hupungua nyuzi moja. Ni mgandamizo wa kifuniko hicho unaoyazuia yasichemke. Usikifungue kamwe kikiwa cha moto. Na fundi akikuambia themostati haina kazi, mwombe akufungie mpya yenye namba ile ile.