Mtoto akiungua, usilifiche jeraha

Sisi wa Pwani tukienda Nairobi kwa basi twapita Makueni: Mtito Andei, Kibwezi, Makindu, Emali. Pale Kibwezi ndipo inapochepuka barabara ya Mutomo na Kitui. Mtoto wa huko akimwagikiwa na uji wa moto, huanzia zahanati ya karibu, kisha hospitali ya rufaa ya kaunti, Wote au Kitui mjini. Hapo daktari huwa na swali moja zito: moto umeingia kina gani?

Jeraha la juu juu hupona lenyewe ndani ya wiki 3. Lililozama huhitaji kupandikizwa ngozi. Likiachwa, kovu hukaza na kiungo kikajikunja. Jibu la swali hilo ndilo huamua kama mtoto atatibiwa karibu na kwao au atapelekwa Nairobi, kitengo cha majeraha ya moto cha Kenyatta. Tatizo ni kwamba hata mabingwa, wakitegemea macho tu, hukosea takriban mara 1 kati ya 3 au 4. Na kwenye ngozi nyeusi kama zetu, wekundu wa damu inayotembea ni mgumu kuuona.

Wataalamu wameunda kamera inayoitazama damu yenyewe bila kugusa kidonda. Hupitisha mwanga hafifu wa leza juu ya ngozi. Mwanga ukigonga chembe za damu zinazokwenda, hurudi umebadilika kidogo, na kompyuta huchora picha: nyekundu ni damu nyingi, jeraha litapona, buluu ni damu kidogo, moto umezama. Mwaka 2011 taasisi ya NICE ya Uingereza iliipendekeza kwa hospitali za huko. Picha hupigwa kati ya saa 48 na siku ya 5, kwa kuwa jeraha huendelea kubadilika siku za mwanzo.

Kamera hiyo ni ghali, lakini somo lake ni la bure. Mtoto akiungua, mmwagilie maji baridi ya mfereji kwa dakika 20, si barafu. Usimpake dawa ya meno, yai wala mafuta: huleta uchafu na kumziba daktari asione rangi ya ngozi. Kisha mpeleke hospitali. Na kabla hamjaondoka, uliza: "Daktari, nimrejeshe lini ulitazame tena?" Jeraha la siku ya kwanza silo la siku ya tatu.