Ngapi Zinaishia na Saba?

Tangu 1965, enzi za chama kimoja, hadi 2025, uchaguzi mkuu wa Tanzania umefanyika katika miaka inayoishia na 0 au 5. Je, ni chaguzi ngapi? Wengi watachukua 2025, watoe 1965, wapate 60, wagawe kwa 5 na kujibu 12. Zitaje moja moja: zinafika 13. Ile 12 ni idadi ya vipindi vilivyo baina ya chaguzi, na vipindi huwa pungufu kwa kimoja, kama uzio wa nguzo 13 ulivyo na nafasi 12.

Basi wapo wanaofundisha dawa ya haraka: gawa, halafu ongeza moja. Dawa hiyo ina madhara yake. Chukua 1966 hadi 2024. Tofauti ni 58. Ukigawa kwa 5 unapata 11 na baki 3, ukiongeza moja unapata 12. Lakini miaka yenyewe, kuanzia 1970 mpaka 2020, ni 11 tu. Kuongeza moja kuna uhakika unapoanza kupima kutoka kwenye mwaka unaoishia na tarakimu unayoitafuta. Kugawa hakumshindi mtu. Shida yote iko kwenye kingo mbili za kipande unachokihesabu.

Kenya inatupa onyo la aina nyingine. Tangu vyama vingi viliporudi, uchaguzi mkuu ulifanyika 1992, 1997, 2002 na 2007. Kati ya 1992 na 2022 miaka inayoishia na 2 au 7 ni saba, na chaguzi kuu nazo ni saba. Inapendeza, ila uchaguzi uliotarajiwa 2012 ulifanyika tarehe 4 Machi 2013, chini ya Katiba mpya ya 2010. Idadi imelingana, orodha haijalingana. Anayehesabu matukio kwa tarakimu za mwisho akumbuke kwamba kalenda ya siasa haijaapa kuzifuata.

Tuje kwenye namba tupu. Kuanzia 348 mpaka 2,815, zote mbili zikiwemo, namba kamili ngapi zinaishia na 7? Njia ninayoiamini ni kuusogeza ukingo mmoja mpaka sifuri, kisha kutoa. Kutoka 0 hadi 2,809 kuna makumi 281 kamili, na kila kumi lina namba moja inayoishia na 7. Kipande kilichobaki, 2,810 hadi 2,815, hakiifikii 2,817. Kwa hiyo ni 281. Sasa hesabu zile tusizozitaka, yaani kutoka 0 hadi 347: makumi 34 kamili, na katika kipande cha mwisho 347 yenyewe imo, jumla 35. Toa 35 katika 281, unabaki na 246. Uzuri wake ni kwamba hukulazimika kukisia lolote juu ya ukingo wa chini. Angalia tu kwamba umetoa zilizo chini ya 348. Ukitoa mpaka 348 yenyewe, atakayeuliza swali hilohilo kwa tarakimu 8 atapoteza namba moja.

Kuna jambo hapa ambalo vitabu hulipita haraka mno. Kipande chetu kina namba 2,468, yaani makumi 246 na baki 8. Baki hilo halitupwi. Kila tarakimu ya mwisho imepata 246 kwa hakika, na tarakimu nane zimepata moja ya ziada. Zipi? Zianzie pale kipande kinapoanzia: 8, 9, 0, 1, 2, 3, 4, 5. Zilizokosa ni 6 na 7 peke yake. Kwa hiyo ukiulizwa zinazoishia na 3 au 7, jibu ni 247 jumlisha 246, yaani 493, bila kuanza upya.

Miisho ya tarakimu mbili hufuata mwendo huohuo, ila unagawa kwa mamia. Sharti jingine likiongezwa, mzunguko hubadilika: zinazoishia na 3 na pia kugawanyika kwa 7 ni 63, 133, 203, moja katika kila namba 70. Zinazoishia na 5 na kugawanyika kwa 4 hazipo kabisa.

Zinazogoma ni namba tasa. Ukiacha 2 na 5, zote huishia na 1, 3, 7 au 9. Chini ya 100 zipo 25: tano zinaishia na 1, saba na 3, sita na 7, tano na 9, pamoja na hizo mbili. Mwaka 1837 Mjerumani Dirichlet alithibitisha kwamba kila mmoja wa miisho hiyo minne una namba tasa zisizo na kikomo. Lakini ngapi zimo katika zile 246 zetu? Hapo kugawa kwa kumi hakusaidii, itabidi uzichambue: 357 inagawanyika kwa 3, inatoka, 367 ni tasa, inabaki, 377 ina sura ya namba tasa, kumbe ni 13 mara 29.